Shajara ya galatoni ya Mjomba

Siku ya 1

Limefika. Mama amelileta mwenyewe ndani ya mfuko wa salfeti uliofungwa kamba mdomoni, na alipolitua sakafuni kitu fulani ndani yake kikagonga ubao: tok. Nikajua kazi ipo.

Ni gitaa la Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ni marehemu siku nyingi. Sisi tuliliita galatoni. Kwa vijana wasiolijua neno hili: wazee waliliita hivyo gitaa kavu lolote, lisilotumia umeme, na jina limetokana na Gallotone, alama ya biashara ya Afrika Kusini iliyokuwa kwenye santuri na kwenye magitaa ya watu wa kawaida. Hili la Mjomba karatasi yake ya ndani imeliwa na mende, kwa hiyo ukoo wake siujui. Galatoni tu.

Mfukoni mlikuwa pia na kanda moja ya kaseti, kinanda cha mdomo chenye kutu pembeni, na kipande cha penseli kilichoviringishiwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Hicho cha mwisho nilikitambua mara moja. Ni kapo. Unailaza penseli juu ya nyuzi, unaifunga kwa mpira nyuma ya shingo, na wimbo mzima unapanda bila wewe kubadili vidole.

Mradi wenyewe ni huu: gitaa lilie tena, halafu nijifunze wimbo wa tatu wa upande A wa hiyo kanda. Mjomba alijirekodi mwenyewe, nyimbo tatu mfululizo, na huo wa tatu ndio ulionifanya nitamani gitaa tangu utotoni. Hauna maneno. Ni nyuzi tu, na mtu anayekwaruza chupa pembeni. Nimepiga gitaa miaka mingi, si kwa kulipwa, nimepiga mpaka nyimbo za watu wakubwa, lakini huo sijawahi kuugusa. Niliuogopa kwa sababu ya mwendo wake. Mjomba alikuwa na vidole vya moto.

Siku ya 2

Ukaguzi. Nyuzi zilizobaki ni mbili, na mmoja si uzi wa gitaa hata kidogo, ni waya uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Uzi ukikatika na duka la muziki liko mbali, baiskeli ndiyo inayotoa sadaka. Waya huo unalia, tena unalia kwa nguvu, ila unakula freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingoni, kama tupa.

Ubao wa mbele una ufa wa sentimeta 14, kuanzia karibu na tundu kwenda chini kwa kufuata nyuzinyuzi za mbao. Ubavu mmoja wa ndani, ule mti mwembamba unaoushikilia ubao usibonyee, umeachia upande mmoja. Huo ndio uliogonga tok. Vigingi vitatu vimegoma kwa kutu. Kile kipande cha juu chenye mitaro sita, zinapopita nyuzi kabla ya kuingia kwenye vigingi, kimepasuka nusu. Daraja, kile kijiti kinachozinyanyua nyuzi juu ya ubao, limo, limefungwa shingoni kwa uzi wa kushonea. Magitaa ya namna hii daraja lake halijagundishwa. Nyuzi zimeshikwa na bamba la chuma huko kitakoni na zinalikandamiza tu daraja mahali pake. Ukizitoa zote, linadondoka.

Kitu kimoja nimekiandika pembeni bila kukijali sana: ubao wa vidole umechimbika. Kati ya freti ya kwanza na ya tatu, chini ya uzi wa kwanza na wa pili, pana vishimo vinavyoingia ncha ya kidole. Kuanzia freti ya tano kwenda juu ubao ni mzima kabisa, kama haujaguswa na mtu.

Siku ya 4

Ufa. Kazi hii niliiogopa na imekuwa tamu kuliko zote.

Kwanza gitaa limekaa siku mbili chumba kimoja na beseni la maji. Mbao ikikauka inajikunja, ikipata unyevu inatanuka, na nyufa nyingi za magitaa chanzo chake ni ukame, si kugongwa. Asubuhi ya leo ufa ulikuwa umejifunga kiasi kwamba unywele haupiti.

Kisha nimezima taa za chumbani, nimeingiza balbu ndogo ya betri ndani kupitia tundu, nimefunga tundu kwa kitambaa nikaacha nafasi ya mkono. Gizani ufa wote ukaonekana kama mstari wa mwanga, sehemu nyingine mnene, sehemu nyingine uzi tu. Nikachukua gundi nyeupe ya mbao, nikaizimua kwa maji kidogo, nikaipaka kwa kidole juu ya mstari huku mkono wa pili ukiwa ndani unausukuma ubao juu na chini, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Kila ubao unaposhuka, ufa unanyonya gundi. Mwanga ukawa unapungua nukta kwa nukta. Ulipozimika wote nikafuta gundi ya juu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikabana kwa klempu mbili na vipande vya ubao vilivyofungwa nailoni ili visigande, nikatoka nje kupumua.

Ubavu nao nimeupaka gundi na kuutegemeza kwa kijiti kutoka chini. Masaa 24 hakuna kugusa.

Siku ya 5

Hakuna kugusa. Nimekaa nalitazama.

Wakati huu wa kusubiri ndio wenye hatari, maana unaanza kukumbuka. Nakumbuka redio kaseti ya Mjomba, ya betri kubwa sita. Betri zilikuwa mali. Zikichoka hazitupwi: zinaanikwa juani juu ya bati, zinarudishwa, zinatoa saa nyingine moja mbili. Mjomba alikuwa na utaalamu wa kuziuma kwa meno katikati mpaka zibonyee, akiamini zinakamuliwa nguvu iliyobaki. Kanda hairudishwi nyuma kwa mashine, hiyo ni kula betri. Inazungushwa kwa kalamu yenye pembe sita, mkono wa mtoto ukiwa ndio mota. Mtoto huyo ni mimi.

Ikifika saa ya muziki wa dansi wote tunanyamaza. Mjomba alikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe, na hakuchoka kutusimulia kwamba Morogoro Jazz, bendi yake Mbaraka, walikwenda mpaka Japani, kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, kana kwamba yeye ndiye aliyewabebea vyombo. Gitaa la solo likiingia anainua kidole kimoja juu: kimya. Hapo hata Mama haongei. Januari 1979 redio ilipotangaza kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Mjomba alilegeza nyuzi zote sita akaligeuza gitaa uso ukutani. Nimeambiwa hivyo. Sikumbuki mwenyewe, lakini nimelisikia mara nyingi mpaka naona ukuta.

Siku ya 6

Klempu zimetoka. Nimegonga ubao kwa kifundo cha kidole kuuzunguka wote; hakuna tok.

Siku ya 9

Vigingi vimelala kwenye mafuta ya taa usiku mmoja na sasa vinazunguka. Kipande cha mitaro sita nimekichonga kipya kwa mfupa: msasa, rula, na tupa nyembamba ya kucha niliyoiazima bila ruhusa. Mtaro ukiwa wa juu sana, vidole vinaumia; ukizidi kwenda chini, uzi unazomea kwenye freti ya kwanza. Kimeharibika kimoja, cha pili kimekubali.

Daraja. Kanuni ni rahisi: freti ya 12 ndiyo katikati ya uzi. Ukipima kutoka kwenye mitaro mpaka freti ya 12, umbali huo huo ndio unaoendelea mpaka kwenye daraja, ukiongeza milimita mbili tatu, kwa sababu kidole kinapoukandamiza uzi kinaukaza na kuupandisha kidogo. Hapa nusu ni milimita 318, kwa hiyo daraja lingekaa kwenye 636 na ushee. Nilipopulizia vumbi nikaona mstari mweupe ambao vanishi ilihifadhiwa na mguu wa daraja miaka yote hiyo. Nimepima: 638 na nusu. Katika maisha yangu sijamwona Mjomba na rula. Nimeliweka daraja juu ya mstari wake na kufunga mjadala.

Siku ya 10

Nyuzi mpya, seti nyepesi ya chuma. Hata nyepesi, zote sita zikikazwa zinavuta kwa uzito wa kilo 70 hivi, yaani mtu mzima anayening'inia kwenye kisanduku chenye ufa uliogundishwa wiki hii. Nimezikaza kidogo kidogo siku nzima, kila baada ya nusu saa natazama ufa kwa tochi.

Saa moja jioni nyuzi zote sita zimefika kwenye noti zake. E, A, D, G, B, E. Nikapiga nyuzi zote kwa mara moja.

Sauti ni nyembamba, ya kopo kidogo, ya puani. Gitaa langu la kila siku ni bora kwa kila kipimo. Lakini nilipodonoa uzi wa pili kwenye freti ya tatu ukazomea, zzz, kidogo tu, na nywele za mkono zikasimama. Zomeo hilo nalijua. Nimeandika: freti ya tatu imelika upande wa uzi wa pili, kusawazisha baadaye.

Siku ya 12

Nimeazima mashine ya kaseti inayotumia umeme wa ukutani. Kabla ya kuweka kanda nimesafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, maana mashine chafu inaweza kuitafuna kanda na ya pili hakuna. Kanda ni ya dakika 60, nusu saa kila upande. Nimeisogeza moja kwa moja mpaka wimbo wa tatu.

Mungu wangu, mwendo ule. Mapigo 118 kwa dakika, nimehesabu kwa saa. Vidole vinatiririka, chupa inakwaruzwa kama panzi. Nimesikiliza mara nne na sijashika gitaa.

Siku ya 13

Nimeshika. Wimbo upo nusu toni tatu, yaani freti tatu, juu ya mahali ambapo kodi zake zinakaa kwa urahisi. (Kodi hizi ni za muziki, noti kadhaa zinazolia pamoja; zile nyingine hazina urahisi popote.) Hapo ndipo penseli ilipopata maelezo: kapo freti ya tatu. Nimeifunga penseli ya Mjomba yenyewe, na kweli, kila noti ikaja mahali pake. Nilijiona mpelelezi.

Siku ya 16

Mkono wa kulia ndio shida. Nilijifunza kudonoa kwa vidole vinne, kitabuni. Mjomba alitumia viwili, gumba na cha shahada. Ndivyo walivyopiga wengi wa enzi zile. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, alipiga kwa vidole viwili hivyo hivyo, na ukimsikiliza utaapa ni magitaa mawili. Gumba linatembea chini kama mtu anayekwenda kazini, bila haraka na bila kuchelewa, na cha shahada kinacheza juu yake, mara nyingi kikiangukia pale gumba lisipokuwapo. Siri yote imo humo kwenye kupishana. Vidole vinne vinakupa noti nyingi, lakini vinagonga pamoja, na ule mdundo wa kupishana unapotea.

Kwa hiyo nimekunja vidole viwili vya ziada chini ya kiganja na kuvifunga kwa utepe. Kwenye mapigo 70 naweza. Kwenye 80 gumba linakumbuka kitabu.

Siku ya 19

Mapigo 90. Kero mpya: kila nikipiga sambamba na kanda, mwanzoni tunapatana, tukikaribia mwisho gitaa langu liko chini. Vigingi vinateleza. Nimevikaza skrubu.

Siku ya 20

Vigingi bado vinateleza. Nimevifungua, nimevipaka nta, nimevirudisha.

Siku ya 21

Nimebadilisha vigingi viwili. Mwisho wa wimbo, gitaa liko chini. Nimelala na hasira.

Siku ya 24

Mama amepita. Nimemwamkia, nimemkalisha, nimemwekea kanda. Nilitegemea machozi, kusema kweli. Amesikiliza dakika moja akakunja uso.

"Huyu anakimbizwa na nani?"

"Ni Mjomba, Mama."

"Kaka hakuwa akikimbia hivi. Alikuwa anapiga mpaka unasinzia."

Nimemjibu kwa adabu kwamba ni zamani, labda amesahau. Akaniangalia kwa jicho lile. Nikampigia mwenyewe, kapo freti ya tatu, nimefika 108 kwa taabu. Akasema nimejitahidi, mwanangu, ila hilo gitaa linapiga kelele za mbu. Akauliza kwa nini nimelifunga penseli shingoni. Nikamweleza habari ya kapo. Akasema penseli hiyo Mjomba alikuwa akiwafungia wanakwaya waliokuwa na sauti za juu. Akipiga peke yake hakuitumia.

Baada ya kuondoka nimekaa na neno hilo, na sikulipenda. Nimeandika hapa kwamba kumbukumbu za wazee huwa zinapunguza mwendo wa kila kitu. Naliacha sentensi hiyo kama ilivyo ili nione haya vizuri.

Siku ya 27

Leo nimeamua kuihamishia kanda yote kwenye kompyuta, kuanzia mwanzo kabisa, ambako sijawahi kwenda kwa sababu siku zote narukia wimbo wa tatu. Nimebonyeza, nikasikia kifundo kikigonga maikrofoni, kikohozi, halafu kabla ya gitaa, noti moja ndefu ya kinanda cha mdomo. Noti ikarudiwa. Kisha uzi wa tano ukadonolewa kwenye freti ya tatu, ukakazwa, ukadonolewa tena mpaka ukalingana nayo.

Alikuwa anatyuni. Na kinanda chenyewe kiko kwenye droo yangu.

Nimekitoa, nimekifuta, nimepuliza tundu lile la C. Programu ya simu ikasema C, senti 8 chini (senti 100 ni nusu toni moja), yaani karibu sawasawa, kwa kitu cha umri huo ni heshima kubwa. Nikaisogeza simu kwenye spika. Noti ile ile, kinanda kile kile, kwenye kanda ni C kali na ushee. Nusu toni nzima juu.

Kinanda cha mdomo hakipandi. Ndimi zake ni za shaba, zimekatwa zikakatwa. Kwa hiyo kilichopanda ni kanda.

Nimekaa chini. Nikaruka mpaka wimbo wa pili: nyuzi zimepanda nusu toni mbili hivi. Wa tatu unaanza chini kidogo ya tatu na unamalizika juu kidogo ya tatu. Ndani ya wimbo mmoja. Vigingi vyangu masikini havikuwa na kosa lolote. Ni kanda iliyokuwa inapaa huku gitaa langu limetulia.

Ni betri. Kanda ya kaseti inatakiwa kupita mbele ya kichwa kwa sentimeta 4.76 kwa sekunde. Siku Mjomba anarekodi, betri zilikuwa zile za kuanikwa na kuumwa meno, mota ikawa inachoka, kanda inapita polepole, na inazidi kuchelewa kadiri nusu saa inavyokwenda. Muziki wa sekunde sita ukabanwa kwenye utepe wa sekunde tano. Kisha kanda hiyo ukiiweka kwenye mashine yenye nguvu kamili, inauchomoa utepe kwa mwendo wake wa kawaida, na kila kitu kinapanda na kukimbia kwa pamoja: noti, vidole, chupa, kikohozi.

Na sisi baada ya msiba tuliisikiliza kanda hiyo kwenye redio ya umeme, mimi nikiwa mtoto, miaka nenda miaka rudi. Huyo ndiye Mjomba niliyemkumbuka.

Siku ya 28

Kwenye programu ya kuhariri sauti nimeipunguza kasi ya wimbo wa tatu mpaka asilimia 84, kiasi kinachoshusha nusu toni tatu, nikanyoosha na kule kupaa kwa mwisho. Mapigo 118 yakawa 99.

Sijui niandikeje. Ni mtu mwingine, mzito zaidi, mwenye gumba refu. Kati ya noti na noti kuna nafasi, na ndani ya nafasi hizo kuna vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia: kiti kinalia, kuku yuko mbali, yeye mwenyewe anaguna sauti ya besi puani. Chupa si panzi tena. Ni chupa ya soda ile yenye mistari, ya aina ile waliyoitumia kina George Mukabi na wapiga gitaa wenzake wa Kenya pembeni ya gitaa kavu, na inakwaruzwa na mtu ambaye hana uhakika sana. Anapotea mara mbili. Mara ya pili Mjomba anarudia kipande kizima kumsubiri.

Nimetoa penseli shingoni. Kodi zile zile, freti ya kwanza mpaka ya tatu, na ncha za vidole vyangu zimezama kwenye vile vishimo nilivyoviandika Siku ya 2 nikapita. Ubao ulikuwa umesema toka siku ya kwanza. Mtu aliyefunga kapo freti ya tatu angechimba huko juu, si hapa.

Halafu, mahali gumba linaposhuka mara ya pili, uzi wa pili freti ya tatu: zzz. Kwenye kanda. Lile lile.

Kuna mengi ya kusema juu ya zilipendwa zinazosambazwa siku hizi, zilizotolewa kwenye kanda na santuri chakavu na mtu asiyepima chochote, halafu tunasifu jinsi wazee walivyokuwa wepesi, na vijana wanaumia vidole kuwafikia. Nilikuwa na aya nzima ya kuwasema watu hao. Nimeifuta, wiki iliyopita nilikuwa mmoja wao.

Siku ya 30

Mazoezi kwenye 99. Ni magumu zaidi kuliko kwenye 108. Kwenye haraka, kosa linapita na gari. Hapa kila noti inasimama mlangoni na kukuangalia. Utepe wa vidoleni umetoka, gumba limeanza kwenda kazini peke yake.

Siku ya 31

Suala la zomeo. Mwenzangu mmoja wa kupiga naye ameniambia niliache, eti ni sahihi ya marehemu. Nimefikiri siku nzima. Mjomba ni mtu aliyekuwa anauma betri ili zilie vizuri. Angekuwa na tupa ya freti angeisawazisha kabla ya chai. Nimefunika ubao wa vidole kwa utepe wa karatasi, nimepaka freti wino wa kalamu nene, nimesugua mpaka wino ukaondoka sawasawa juu ya zote, nimezirudishia mviringo, nimemalizia kwa msasa laini. Uzi wa pili sasa ni msafi. Vishimo vya ubao sijavigusa, vile havizomei.

Siku ya 33

Mama amekuja tena, safari hii nimemwita. Sikuweka kanda. Nimepiga mwenyewe, bila penseli, 99, na nimeharibu mara moja tu.

Hakusema kitu mpaka nilipofika pale ambapo kanda inakatika, katikati ya mzunguko, upande A ulipoishia. Hapo nikasimama. Kwa wiki tatu nimekuwa natafuta namna ya kuumaliza: nimejaribu kushuka kwenye kodi ya nyumbani, nimejaribu kufifiza, vyote vinasikika kama vimebandikwa.

"Mbona umeacha?"

"Kanda inaishia hapo, Mama. Mwisho wake sijaupata. Ulikuwaje?"

"Haukuwa na mwisho. Alikuwa anapiga mpaka aitwe."

Kisha akauliza kama ile chupa bado ninayo. Nikasema ipi. Akacheka, akasema ile niliyokuwa nakwaruza mimi, mpaka Mjomba anasimama kunisubiri.

Ya kufanya: kutafuta chupa yenye mistari. Kuhamisha upande B.